Kompyuta Iligoma, Mama Hajazikwa

Kaka yangu alipiga simu asubuhi nikiwa nachuja chai. Alisema, "Mama ametuacha," na nyuma yake nikasikia watu wakisukuma kitanda cha magurudumu kwenye sakafu. Nilikuwa nimeagana na mama wiki iliyotangulia, hapo hapo wodini kule Itumba, akila uji na kulalamika kwamba waliopika wamesahau chumvi. Sikuuliza imekuwaje. Niliuliza tu anazikwa lini.

"Kesho kutwa, nyumbani Ibaba. Wazee wameshakubaliana. Mimi nashuka Tunduma leo kununua jeneza na kukuchukua. Wewe umepewa ratiba, wasifu na picha. Si ndiyo kazi yako?"

Kweli ndiyo kazi yangu. Tunaishi Tunduma, mtaa wa nyuma ya barabara kuu, ambako ngurumo za malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia huingia mpaka chumbani. Mume wangu ni dereva wa malori hayo. Sebuleni kwetu kuna meza yenye kompyuta na printa, na mlangoni kuna kibao nilichoandika kwa mkono: tunachapa. Watu huja na barua za maombi ya kazi, mialiko ya harusi, na mara nyingi kuliko vyote hivyo, ratiba za mazishi. Nimeandika wasifu za watu wengi wa mji huu ambao sikuwahi kuwaona wakiwa hai. Nilishajua kumuuliza mfiwa taratibu, marehemu alisali wapi, ameacha watoto wangapi, na mwisho, "Mna picha nzuri?"

Picha nzuri ya mama ilikuwepo, na ilikuwa mle kwenye kompyuta. Mama hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Ukimwelekezea simu aligeuza uso au alijifunika kwa upande wa kitenge. Pasaka ile ya mwisho tulipopanda Ibaba, sijui ni nini kilimpata, alikaa mwenyewe kwenye kigoda mbele ya nyumba, akafunga kilemba kipya, akasema, "Haya, pigeni basi, mchoke." Tukapiga nyingi. Katika mojawapo anachambua maharage huku anacheka jambo ambalo mume wangu alikuwa amemwambia, na meno yake yote yaliyobaki yanaonekana. Mume wangu alizihamishia picha zile kwenye kompyuta tuliporudi. Muda si mrefu simu yangu ilichomolewa mfukoni kwenye msongamano wa pale mpakani. Sikuililia sana simu ile, maana picha zilikuwa nyumbani.

Basi nilipomaliza kuongea na kaka nilikwenda moja kwa moja mezani, nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikaanza kuzunguka, kisha ikatoka milio mirefu, mmoja baada ya mwingine, na skrini ikabaki nyeusi.

Usiku uliopita umeme ulikuwa umekatika na kurudi, ukakatika tena. Niliusikia kitandani bila kuujali. Asubuhi hiyo nilizima, nikachomoa waya, nikangoja, nikachomeka. Milio ile ile. Ugonjwa huo niliujua, kwa sababu mume wangu alikuwa ameniachia maelekezo kabla ya safari moja ndefu: ikipiga kelele namna hiyo, fungua ubavu wa sipiyu, chomoa ile ramu, kile kibamba cha kumbukumbu, isugue meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka usikie inabana. Nikafungua. Vumbi la Tunduma lilikuwa limejaa humo kama unga wa kinu. Nikasugua kwa kifutio cha binti yangu aliyekuwa shule ya bweni, nikapuliza, nikarudisha.

Safari hii haikulia. Alama ya kiwandani ikatokea, vidoti vyeupe vikaanza kuzunguka, na moyo wangu ukatulia. Kisha yakaja maneno kwamba inajiandaa kujitengeneza yenyewe. Skrini ikawa nyeusi. Alama ikatokea tena. Vidoti. Maneno yale yale. Nyeusi. Nilikaa nikiitazama ikirudia mzunguko huo huku wanawake wa jumuiya yetu wameanza kuingia uani, maana habari za msiba Tunduma hazina miguu lakini hufika. Walikuwa wanaimba polepole, wakishusha mikeka.

Mmoja wao alichungulia, akaniona nimeinamia sipiyu iliyo wazi tumbo.

"Mama, toka huko. Njoo ukae na wenzio, ulie."

"Nakuja," nikasema. "Natafuta picha ya mama."

Nikaizima kwa nguvu ikiwa katikati ya kuwaka, nikarudia hivyo mpaka ikaniletea ule ukurasa wa bluu wenye machaguo. Nikachagua ijirekebishe. Ikafikiri kwa muda mrefu, ikaniambia imeshindwa. Nikachagua iwake kwa hali ya tahadhari, ile ambayo inawasha vile vya lazima tu. Ikafika nusu, ikaganda. Nikaja kugundua kwamba naiongelesha. Naiambia tafadhali.

Nilimpigia mume wangu. Alikuwa kwenye foleni ya mpaka wa Kongo, mwendo wa siku nyingi kutoka nyumbani, na hakukuwa na namna ya kuacha mzigo wa watu akarudi. Tulilia wote kwanza. Yeye na mama walipendana kwa utani wa mkwe na mkwe ambao mimi sikuweza kuuingilia. Alipotulia nikamweleza.

"Sikiliza," akasema. "Usiiguse tena. Usichague chochote. Picha zipo, hazijaenda popote, ni windo, ile programu inayoiendesha, ndiyo imeharibika. Toa ile hadi diski inayohifadhi vitu, iunganishe kwa waya kwenye laptop ya mtu, utaziona kama flashi. Tukishazitoa, hapo ndipo waipige windo upya. Siyo kabla. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Siyo kabla, mama watoto."

Laptop nilijua pa kuipata. Kuna mwenzangu ana duka la kuchapa karibu na stendi, tunasaidiana karatasi na wino zikituishia. Nikapiga, akasema ana laptop na waya huo pia anao, ila yuko peke yake dukani, nije mwenyewe. Nikawaambia wale wamama natoka mara moja. Nikajitanda khanga, nikapanda bodaboda.

Njiani tulikwama. Malori yalikuwa yamebanana pande zote mbili na trafiki walikuwa wanafungua upande mmoja tu. Dereva wa bodaboda alipita pembeni, akarudi, akajaribu uchochoro, tukakuta lori limepaki huko nako. Dukani kwa mwenzangu nilikuta wateja, na yeye aliponiona alifunga kila kitu akanikumbatia, akalia na mimi, akanikalisha kwenye kiti, akaninunulia soda. Nilikuwa na haraka, lakini utamkataza vipi mtu anayekupa pole? Nilitoka hapo na begi la laptop kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilikuwa najua hasa ninachokwenda kufanya.

Nilipofika nyumbani kaka alikuwa ameshafika. Gari ya kukodi ilikuwa imeegeshwa nje, jeneza juu limefungwa kwa turubai na kamba. Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa mbali, anaishi Vwawa, ana kahawa na mahindi na duka dogo la vipuri vya pikipiki. Ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, shati limejikunja kama la mtu aliyelala nalo. Tulishikana pale mlangoni tukakaa hivyo. Kisha nikaona juu ya bega lake kwamba pale mezani sipiyu haipo.

"Kaka, kompyuta iko wapi?"

"Usijali," akasema, na nilisikia katika sauti yake kwamba alitaka kunifurahisha. "Nimekuta wamama wanasema imekutesa tangu asubuhi. Nimeipeleka kwa fundi pale chini, nimemwambia kuna msiba, aifanye haraka. Ameshapiga simu, iko tayari. Nilikuwa nakungoja wewe nikaichukue."

Niliweka begi chini. Nilitoka na yeye akanifuata, tukashuka kwa miguu mpaka kwa fundi, kibanda chenye pazia la shanga na redio zilizofunguliwa matumbo. Fundi alikuwa kijana mpole. Aliinuka.

"Pole na msiba, dada. Yako hii hapa. Sasa iko vizuri kabisa."

Akabonyeza kitufe. Iliwaka haraka kuliko ilivyowahi kuwaka tangu tuinunue. Hakuna mlio, hakuna maneno. Picha ya mlima usio wa kwetu na ziwa la bluu ikafunguka, skrini nzima ni safi, hakuna hata faili moja langu. Nikashika kipanya. Nikafungua sehemu ya picha. Humo mlikuwa mweupe, na maandishi madogo katikati kwamba hakuna kitu.

"Vitu vyangu uliviweka wapi?" nikamuuliza.

Fundi akamtazama kaka. "Nilimuuliza mzee kama kuna vitu vya muhimu."

"Aliniuliza hivyo," kaka akasema. "Mimi nikamwambia muhimu ni iwake. Iwake tu. Kwani...?"

Fundi alikuwa ameshaelewa. Alikaa kwenye stuli yake. "Windo ilikuwa imekufa, dada. Nikasafisha diski yote nikapiga mpya. Ningejua ningetoa kwanza."

Kaka alikuwa bado anatutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. "Picha si zitakuwa zimo humo humo? Ni kompyuta ile ile."

"Hazimo, kaka."

"Zitafute vizuri."

"Hazimo."

Kuna namna ya kulia inayokuja na sauti, na hiyo nilikuwa nimeshaimaliza asubuhi. Iliyokuja pale haikuwa na sauti. Nilikaa kwenye kizingiti cha kibanda kile, watu wanapita na mikokoteni, mbadilisha fedha mmoja akanionyesha bunda la kwacha akidhani nasubiri huduma. Kaka alisimama karibu yangu na mikono yake inaning'inia. Nilitaka kumwambia maneno mengi, na mengine yalikuwa mabaya. Nilimwambia moja tu: "Ungeningoja." Aliitikia kwa kichwa. Afadhali angebisha.

Fundi alikataa malipo. Alitubebea sipiyu mpaka nyumbani begani mwake, akaiweka mezani, akaomba kusalimia waombolezaji, akaketi nao kidogo kwenye mkeka kabla ya kuondoka.

Tulikuwa na mchana uliobaki na safari ya kupanda Ileje, wilaya ya Itumba na Ibaba. Niliandika wasifu wa mama kwa kompyuta ile mpya isiyonijua. Nilipofika mahali pa picha niliacha nafasi kama ninavyoachia wateja. Kaka alikuwa ameketi nyuma yangu. Akafungua mfuko wa plastiki wenye vitu vya mama kutoka wodini, akatoa kadi yake ya mpiga kura, akaniwekea juu ya meza. Nikaiweka kwenye skana, nikaikuza, nikapunguza giza. Jinsi nilivyozidi kuikuza ndivyo uso ulivyozidi kupotea. Ilikuwa picha ya mwanamke aliyeambiwa asicheke, kichwa wazi kwa sababu waliomwandikisha walimtaka avue kilemba, macho yamekodolea taa. Nikaiacha hivyo. Nikachapa ratiba, na picha moja kubwa ya kuweka juu ya jeneza.

Tulitoka Tunduma jua likianza kuinama. Baada ya Mpemba barabara ikawa tupu, malori yakabaki nyuma, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyoingia kwenye madirisha. Tulipitia Itumba tukamchukua mama. Kaka alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma, bahasha ya ratiba mapajani. Njia nzima hatukuongea, na dereva, ambaye alijua kuwa ni msiba, alidhani ni huzuni ya kawaida.

Ibaba tulizika kwenye ukungu. Kaburi lilikuwa juu ya shamba la viazi, udongo mweusi uliolowa, na kwaya iliimba ikiwa imejikunja ndani ya makoti. Nilisoma wasifu mwenyewe. Nilitaja alikozaliwa, alipobatizwa, watoto, wajukuu. Sikukosea hata neno. Nilipomaliza, watu walipita kuaga, mmoja mmoja, wakitazama jeneza na ile picha iliyosimamishwa juu yake. Mama yetu mdogo, mdogo wake mama wa mwisho, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, aliisogelea sana picha ile, akaikamata kwa mikono miwili. Akanigeukia akaniuliza kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ambayo watu waliisikia, kwamba huyu waliyemweka hapa ni nani.

"Ni mama," nikamjibu.

Akaitazama tena. "Hapana," akasema kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto. "Dada yangu hakuwa hivi." Akairudisha mahali pake, akaenda zake akishikwa mkono.

Kaka alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi na koleo mkononi. Alilisikia hilo. Niliona.

Mume wangu aliporudi kutoka safari, msiba ulikuwa umeshaanuliwa. Alikuja na programu ya kufukua vilivyofutwa, kapewa na mtu fulani kule kwenye foleni. Tuliiacha ikifanya kazi kutwa nzima, kompyuta ikinguruma, sisi tunapita na kurudi kama watu wenye mgonjwa ndani. Kilichorudi kwanza ni ratiba za mazishi. Zilikuja moja baada ya nyingine, nzima, wasifu na nyuso: mwalimu fulani, mama muuza samaki, dereva aliyepinduka mteremkoni, mtoto wa darasa la pili. Wafu wa watu wote niliowahi kuwachapia walirudi. Nilizifungua zote kwa sababu majina ya mafaili yalikuwa yamekuwa namba, na kila uso uliofunguka haukuwa wa kwetu.

Picha za Ibaba zilirudi chache, karibu zote hazifunguki. Moja ilifunguka. Juu kuna anga na ukingo wa bati, halafu kilemba kipya, halafu paji la uso na nyusi. Chini ya hapo, rangi ya kijivu mpaka mwisho wa picha. Mume wangu alijaribu programu nyingine, na nyingine, mpaka nikamwomba aache.

Kaka hakuja Tunduma miezi mingi. Akiwa na shida alimpigia mume wangu, si mimi. Nilipompigia mimi alipokea haraka, alijibu kila nilichouliza, na aliniachia nikate simu. Hatukugombana. Watu wa nyumbani wakiuliza habari zake niliwajibu, naye wakimuuliza zangu aliwajibu.

Baada ya mavuno alikuja, bila taarifa, na mahindi na debe la maharage kutoka kwenye shamba la mama, ambalo sasa analilima yeye. Nilimpikia, akala kidogo. Aliuliza habari za mtoto shuleni. Kisha akaitazama kompyuta.

"Shemeji aliniambia moja ilipatikana."

"Siyo nzima."

"Nionyeshe."

Niliwasha, nikaifungua. Alivuta kiti mpaka karibu kabisa, akavaa miwani. Aliitazama, nikaanza kusikia malori barabarani na kuku wa jirani.

"Mimi nilidhani ni kama pikipiki," akasema mwishowe, bila kunitazama. "Mtu akikuletea pikipiki haiwaki, unatengeneza injini. Mzigo uliofungwa nyuma hauguswi. Nilidhani hivyo."

"Najua, kaka."

"Nilikuwa nimetoka kumwosha mama. Nilitaka angalau kitu kimoja siku ile kiwake."

Nilimwekea mkono mgongoni na akauacha hapo, lakini alikuwa mgumu kama ubao, na nadhani na mkono wangu ulikuwa hivyo hivyo.

"Nichapie," akasema.

"Kaka, ni kilemba tu na paji."

"Nichapie hivyo hivyo."

Nikachapa. Ile sehemu ya kijivu ilikula wino mwingi, karatasi ikatoka imelowa na kujipinda, ikabidi tuingoje ikauke. Aliishika kwa kingo. Hakutaka kuikunja, akaniomba bahasha ngumu, akaiingiza humo na kuiweka chini ya shati, juu ya tumbo. Akaaga kabla ya giza ili awahi gari ya Vwawa.

Nimeshakwenda kwake mara kadhaa tangu hapo. Kuna kalenda ukutani, picha ya harusi yake, na saa iliyosimama. Hiyo niliyomchapia sijaiona, wala sijamuuliza aliiweka wapi.